Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tabora: ahadi za wanunuzi wa tumbaku ziingizwe kwenye mkataba

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Waheshimiwa Wabunge wa mkoa wetu,
Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Tumbaku Tanzania,
Mrajis wa Vyama vya Ushirika,
Kamishna wa Kazi.

YAH: AHADI ZA HIARI ZA KAMPUNI ZA TUMBAKU KUHUSU WATOTO, VIBARUA NA MISITU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siku ya soko, robota (furushi) la tumbaku likifika mezani kwenye chama cha msingi cha ushirika, mnunuzi analifungua na kulikagua mpaka tumboni. Mkono unazamishwa katikati ya majani kutafuta uzi wa mfuko wa sandarusi, unyoya wa kuku, nyasi, au unyevu uliozidi. Kikionekana kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, robota linarudishwa, na hakuna ubishi limetoka kwa nani kwa sababu lebo yake ina namba ya mkulima. Sharti hilo mkulima analijua tangu anatia saini makisio yake, yaani kilo anazoahidi kuzalisha msimu huo. Katibu wa chama analijua, mteuzi wa madaraja analijua, hata mpakiaji wa lori analijua.

Mnunuzi huyo huyo ameitangazia dunia, katika ripoti zake za kila mwaka, kwamba anapinga utumikishwaji wa watoto katika tumbaku anayonunua, na kwamba tumbaku hiyo haitamaliza misitu ya asili. Ahadi hizo mbili hakuna anayezitafuta ndani ya robota. Mkulima aliyekausha kwa mikaratusi ya shamba lake na yule aliyefyeka mitundu na miyombo ya msitu wa kijiji wanalipwa bei moja kwa daraja moja. Aliyeajiri watu wazima wanne na aliyewatoa wanawe shule kwa miezi miwili wanapokea malipo yale yale kwa kilo.

Hoja yetu ni hii. Kampuni inayoweza kuufuata uzi mmoja wa sandarusi hadi mlangoni kwa mkulima inaweza pia kuufuata mti uliokatwa na mtoto aliyekosa darasa. Haifanyi hivyo kwa sababu uzi uko kwenye mkataba, na mtoto yuko kwenye ripoti. Tunawaomba ninyi wenye mamlaka mzitoe ahadi hizo kwenye ripoti na kuziandika kwenye leseni ya ununuzi na kwenye mkataba wa kilimo. Tunaoandika ni makatibu wa vyama vya msingi, maofisa ugani, walimu, watu wa misitu na wafuga nyuki wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui.

Waheshimiwa, ahadi za hiari zina historia, na historia yake inafaa kuangaliwa kabla ya kuzipokea kwa makofi. Mwaka 2001, baada ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kupitisha pendekezo la kuweka lebo kwenye chokoleti ili mnunuzi ajue kama kakao yake imetokana na kazi ya watoto, kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano ya hiari yanayojulikana kama Harkin-Engel. Pendekezo la lebo likaachwa. Kampuni ziliahidi kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika kakao ya Afrika Magharibi ifikapo 2005. Tarehe ikasogezwa hadi 2008, kisha 2010, halafu lengo lenyewe likapunguzwa: ajira hizo zipungue kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo wa 2020 utafiti uliofanywa na NORC, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, ulikadiria kuwa watoto milioni 1.56 bado walikuwa kwenye kazi ya kakao nchini Ghana na Ivory Coast. Tunaomba mlitazame vizuri tukio hilo, kwa sababu kakao inafanana na tumbaku yetu: wakulima wadogo, familia nzima shambani, mnunuzi aliye mbali na bei inayopangwa juu. Ahadi ile haikuongezwa juu ya sheria. Ilikaa mahali ambapo sheria ilikuwa inataka kukaa.

Katika viwanda vya nguo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Septemba 2012 kiwanda kimoja mjini Karachi, Pakistani, kiliungua na kuua watu zaidi ya 250, wiki chache tu baada ya kupewa cheti cha SA8000, ambacho ni cheti cha hiari cha mazingira bora ya kazi. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu 1,134. Humo ndani mlikuwa na viwanda vilivyokwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa nje. Kilichobadilisha hali baada ya hapo ni Mapatano ya Bangladesh ya mwaka huo huo, ambayo chapa za kimataifa zilitia saini pamoja na vyama vya wafanyakazi na kukubali kubanwa kisheria. Ripoti ya ukaguzi ya kila kiwanda iliwekwa hadharani. Chapa mbili zilipotuhumiwa kuchelewesha matengenezo, vyama vya wafanyakazi vilizipeleka kwenye usuluhishi mjini The Hague, na kesi zote mbili zikaisha kwa maafikiano; katika moja, kampuni ilikubali kulipa.

Hata kwenye tumbaku yenyewe tunao mfano wa namna hiyo. Katika nchi nyingi vitalu vya tumbaku vilikuwa vinafukizwa kwa gesi ya methyl bromide, ambayo huua minyoo na magugu lakini huharibu tabaka la ozoni. Gesi hiyo haikuondolewa na ripoti ya kampuni yoyote. Iliondolewa na Mkataba wa Montreal, uliozibana serikali na kuzipa nchi zinazoendelea mwisho wa Januari 1, 2015. Tarehe ilipofika wakulima walikuwa na njia nyingine za kuandaa vitalu, kwa sababu kila aliyehusika alijua tarehe haitasogezwa.

Hapa kwetu, kati ya 2011 na 2015 ulikuwepo mradi Urambo na Sikonge uliofadhiliwa na taasisi inayochangiwa na kampuni za tumbaku, wenye lengo la kuwatoa watoto mashambani. Uliwafundisha vijana ufundi na kilimo, na ukawasaidia kina mama kuunda vikundi vya kuweka na kukopa. Kazi hiyo hatuidharau. Tatizo ni kwamba mradi wa namna hiyo haugusi bei ya kilo wala masharti ya mkataba, na ukifungwa, msimu unaofuata unaanza na hesabu ile ile ya nguvukazi. Umoja wa Mataifa nao umeshaona mipaka ya utaratibu huu: mwaka 2017 mpango wake wa Global Compact, unaokusanya kampuni zinazoahidi kufanya biashara kwa maadili, uliamua kuziondoa kampuni za tumbaku, na mwaka 2018 mikataba ambayo Shirika la Kazi Duniani lilikuwa nayo na sekta hiyo iliisha muda wake.

Sasa tuingie shambani.

Tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwa joto la tanuru, hukaa banini (kibanda cha kukaushia) siku 5 hadi 7. Kwanza joto linashikiliwa kwenye nyuzi 35 hivi mpaka jani ligeuke njano. Kisha linapandishwa taratibu hadi nyuzi 55 ili bapa la jani likauke, na mwisho linafikishwa karibu nyuzi 70 ili uti wa kati nao ukauke. Likipandishwa haraka, jani linaganda na rangi ya kijani. Moto ukizimika usiku wa pili au wa tatu, jani linageuka kahawia na daraja linaporomoka. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukesha na kuchochea moto kila baada ya muda mfupi, usiku kucha, bani baada ya bani, kuanzia Januari hadi Aprili. Baba na mama wamechuma na kushona majani tangu alfajiri. Anayekesha, mara nyingi, ni kijana wa darasa la sita au la saba.

Kuni zinazotumika zinategemea bani. Bani zuri lenye tanuru la kisasa, kuta zisizovuja na kuni zilizokauka vizuri linatumia kilo 5 hadi 8 za kuni kwa kilo moja ya tumbaku iliyokauka. Bani la miti na udongo, lenye nyufa, linalochochewa kwa kuni mbichi, hufika kilo 12 na kuendelea. Tuchukue mkulima mwenye makisio ya kilo 1,500 na bani la wastani la kilo 8 kwa kilo. Anahitaji tani 12 za kuni kwa msimu, yaani karibu Fuso mbili zilizojaa. Hapo hatujahesabu nguzo za bani, ambazo mchwa huzila na kulazimu zikatwe nyingine baada ya misimu michache, wala fito za kuning'inizia majani.

Tulinganishe na miche inayotangazwa. Tuseme mkulima huyo amepewa miche 300 ya mikaratusi, yote ikapona, na akaivuna baada ya miaka 6. Kwa mvua ya Tabora, mti wa umri huo uliopandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 unatoa takriban kilo 25 hadi 35 za kuni kavu. Miti yote 300 itatoa kama tani 9. Katika miaka hiyo hiyo 6 bani lake limeshatafuna tani 72. Ili ajitosheleze kweli anahitaji karibu hekta 1.5 za shamba la miti lililotunzwa, zenye miti hai kama 2,400, akivuna kwa zamu na kuacha visiki vichipue. Hesabu hii inaweza kufanywa na ofisa misitu yeyote kwa dakika kumi. Hatujawahi kuiona kwenye ripoti ya uendelevu. Ripoti huhesabu miche iliyogawiwa.

Na mche uliogawiwa una safari ndefu kabla haujaitwa mti. Mvua zetu zinaanza Novemba na kukatika Aprili. Mche unatakiwa uwe ardhini kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Mara nyingi unaletwa Februari au Machi, kwa sababu lori lilikuwa linasambaza mbolea kwanza. Wakati huo mkulima yuko kwenye kuchuma, hana hata saa moja ya kuchimba mashimo. Viriba vinakaa chini ya mwembe wiki mbili au tatu, mizizi inajizungusha ndani ya kiriba, na mche ukipandwa hivyo unadumaa. Unaopona unakutana na mchwa kuanzia Juni, mifugo Julai na moto wa wawindaji na warina asali Septemba. Oktoba ukipita kwenye mistari utahesabu vijiti. Lakini kwenye vitabu mche ule ulishakuwa mti siku mkulima alipotia saini ya kuupokea.

Wafuga nyuki wanaonja matokeo mapema kuliko wengine. Mtundu na myombo ndiyo maua ya asali ya Tabora. Mkaratusi nao una maua, lakini msitu wa miyombo ukifyekwa, nyuki wanapoteza pia maji, kivuli na miti ya kutundika mizinga. Miyombo huongeza mita za ujazo 2 au 3 tu kwa hekta kwa mwaka. Ukivuna zaidi ya hapo unakula mtaji. Wala tusitegemee sheria ya nje ituokoe: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ya kuzuia mazao yanayotokana na ukataji wa misitu inataja ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Tumbaku haimo.

Kuhusu watoto, sheria yetu iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, kilimo kikiwemo. Ipo pia Sheria ya Mtoto ya 2009, na nchi yetu imeridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani namba 138 na 182. Kazi ya tumbaku ni ya hatari kwa sababu iliyo wazi kitabibu. Nikotini iliyo kwenye jani bichi huyeyuka kwenye umande, mvua na jasho, ikapenya kwenye ngozi. Mchumaji wa asubuhi, shati limelowa, majani kifuani na kwapani, ndani ya saa chache anapata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kichwa kuuma. Mtoto mwenye kilo 30 anapata dozi kubwa kuliko mtu mzima kwa kazi ile ile, kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Wengi huenda zahanati wakidhaniwa wana malaria.

Kinga yake inajulikana: kusubiri umande ukauke, kuvaa koti la mvua na glavu zisizopitisha maji, kubadili nguo zilizolowa, kunawa kwa sabuni. Glavu za kitambaa nazo zinaweza kuwa hatari, kwa sababu zikilowa zinashikilia utomvu wa nikotini kwenye ngozi kutwa nzima. Na pale vifaa vya kinga vinapoletwa kama sehemu ya mkopo wa pembejeo, gharama yake inakatwa kwenye mauzo ya mkulima, naye anaviagiza jozi moja, yake mwenyewe. Mke, watoto na kibarua wanabaki na mikono yao.

Nani anaangalia haya? Kwa utaratibu wa hiari, ni bwana shamba wa kampuni. Ndiye anayegawa pembejeo, anayekadiria mavuno, anayehimiza makisio yafikiwe, na ndiye huyo huyo anayetakiwa kuandika kwamba amekuta mtoto anashona majani. Ana wakulima mamia kwenye eneo lake na pikipiki moja. Akiandika makosa mengi eneo lake linaonekana bovu. Asipoandika linaonekana safi, na takwimu yake safi inapanda hadi makao makuu. Hatumlaumu kijana huyo. Tunasema kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuwa muuzaji, mnunuzi na mkaguzi kwa siku moja.

Wakaguzi wa kutoka nje nao huja na taarifa, na aghalabu huja wakati wa masoko, Mei hadi Julai, barabara zikiwa zimekauka. Wakati huo kuchuma kumeisha na watoto wameshavaa sare. Anayetaka kujua ukweli wa Februari akaombe kitabu cha mahudhurio cha shule ya msingi iliyo jirani na mashamba. Aanzie wiki ya pili ya Januari, ashuke na safu za majina hadi mwisho wa Machi, ahesabu nafasi za wasiokuwepo, kisha afungue Mei alinganishe. Kitabu kile kinaandikwa na mwalimu kila asubuhi kwa kalamu, hakina uhusiano wowote na soko la tumbaku, na kipo kabatini sasa hivi. Ni ushahidi wa bei nafuu kuliko wote mkoani, na haujawahi kuwa sehemu ya ukaguzi wowote wa hiari tunaoufahamu.

Kuna kundi jingine ambalo ahadi hizi haziligusi kabisa. Ni vibarua wa msimu wanaotoka Kasulu, Kibondo na kwingineko mkoani Kigoma, wengine wakija na familia. Mkataba wa kampuni ni kati ya kampuni, chama na mkulima. Kibarua hayumo. Anapatana kwa mdomo kiasi cha mkupuo kitakacholipwa tumbaku ikishauzwa, anakula kwa kukopa kwa mwenye shamba, na bei ikishuka au malipo yakichelewa, yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ya kazi na ujira wake. Karatasi hiyo kwa kibarua wa tumbaku ni adimu mno.

Nyuma ya yote haya kuna bei. Hekta moja ya tumbaku ya mvuke inataka mamia ya siku za kazi kuanzia kitalu hadi kufunga robota. Siku hizo zikihesabiwa kwa kima cha chini cha mshahara wa kilimo, faida inayoonyeshwa kwenye karatasi nyingi za makisio inayeyuka. Inabaki faida kwa sababu kazi ya mke na watoto imeandikwa sifuri. Mnunuzi anayeahidi kwamba hakutakuwa na watoto shambani, huku bei yake inasimama tu endapo watoto wapo, ameahidi kitu ambacho hesabu yake mwenyewe inakikataa.

Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo, na yote yako ndani ya mamlaka mliyo nayo chini ya Sheria ya Tumbaku ya 2001, Sheria ya Misitu ya 2002, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na sheria za kazi.

Kwanza, kila kampuni inayoomba leseni ya kununua tumbaku iambatanishe ahadi zake zote zilizochapishwa kuhusu watoto, vibarua na misitu, kwa Kiswahili, na Bodi iziandike kuwa masharti ya leseni. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa kila chama cha msingi. Ahadi ambayo kampuni haiko tayari kuiona kwenye leseni, isiruhusiwe kuitangaza kwa jina la tumbaku ya Tabora.

Pili, makisio yasipitishwe bila hesabu ya kuni. Ni karatasi moja tu: kilo za makisio, aina ya bani, kuni zinazohitajika, na zitatoka wapi. Kama ni shamba la miti, lionyeshwe na mistari ihesabiwe. Kama ni msitu wa kijiji, namba ya kibali iandikwe. Kama ni za kununua, risiti iwepo. Miti ihesabiwe Oktoba, mwisho wa kiangazi, katika mwaka wa tatu tangu kupandwa, na Wakala wa Huduma za Misitu pamoja na kamati ya mazingira ya kijiji. Majina 10 kwa kila chama yachaguliwe kwa kura kutoka kwenye orodha ya wanachama ili mtu asipelekwe kwenye shamba la maonyesho. Pengo likionekana, gharama ya kupanda upya ibebwe na kampuni iliyotangaza miche hiyo, na isikatwe kwa mkulima. Na miche yote iwe imefika kijijini kabla ya Desemba 10. Ikichelewa, isihesabiwe.

Tatu, ukaguzi wa kazi uwe wa serikali. Walimu wakuu wapeleke kwa ofisa kazi jumla za mahudhurio za kila mwezi, Januari hadi Aprili, kwa idadi tu bila majina ya watoto. Kijiji ambacho mahudhurio yameanguka kitembelewe bila taarifa, alfajiri wakati wa kuchuma na usiku kwenye mabani. Gharama zitoke kwenye ada ya leseni, zilipwe serikalini, ofisa asipande gari la kampuni wala kulala kwa posho yake.

Hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Mtoto akikutwa shambani, adhabu isianzie kwa mkulima. Mkulima akijua kwamba atafutiwa mkataba, mtoto atahamishiwa kwenye shamba la ndani zaidi ambako hata jirani hamwoni, na tumbaku itapitishwa kwa jina la mtu mwingine. Kwanza mtoto arudi darasani na kampuni ilipe gharama za kumrudisha na za kibarua mtu mzima wa kuziba nafasi yake msimu huo. Mkulima apewe onyo na msaada. Akirudia ndipo hatua zifuate. Ili fedha hizo zisiwe za kuomba, kila mnunuzi aweke dhamana benki kabla ya msimu, kwa kiwango kinacholingana na kilo anazonunua, na ofisa kazi awe na uwezo wa kuagiza malipo kutoka humo.

Nne, kabla ya majadiliano ya bei, kampuni na vyama vya ushirika viweke mezani mchanganuo mmoja wa gharama ambamo kila siku ya kazi imehesabiwa kwa ujira halali, ya mama na ya kijana ikiwemo. Vifaa vya kinga viwe gharama ya mnunuzi, vya kutosha watu wote wanaochuma, na glavu ziwe za kuzuia maji. Kila kibarua apewe karatasi yenye jina lake, ujira wake na tarehe ya malipo, nakala ibaki kwa katibu wa chama, naye alipwe moja kwa moja wakati fedha za mkulima zinapoingia.

Mengine ni mafupi. Namba ya simu ya malalamiko inayopokelewa na kampuni yenyewe isihesabiwe kuwa njia ya malalamiko. Na viongozi wetu wasikubali tena kukabidhiwa madawati na vyumba vya madarasa mbele ya mabango ya kampuni za tumbaku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na miongozo ya kifungu chake cha 5.3 inazitaka serikali zisiipe sifa misaada ya aina hiyo. Shule zinahitaji madarasa. Yajengwe kwa kodi na ushuru ambao kampuni zinatakiwa kulipa.

Tunajua kuna watakaosema kampuni zitakimbia. Masharti haya yakiwa kwenye leseni ya kila mnunuzi, hakuna anayeonewa. Leo mnunuzi anayejitahidi kweli, anayejenga mabani bora na kuhimiza wachumaji wasubiri umande ukauke, anashindana kwa bei na asiyefanya lolote, na wote wawili wanaandika ripoti zinazofanana. Sheria itamlinda yule wa kwanza. Tukumbuke pia yaliyoikuta Malawi Novemba 2019, Marekani ilipozuia tumbaku yake bandarini kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa na ya watoto. Zuio lile lilikuwa la tumbaku ya nchi nzima. Mkulima wa Urambo hana njia ya kujitetea siku hiyo ikifika kama ushahidi pekee ulioko ni takwimu ambazo mnunuzi alijiandikia mwenyewe.

Vitalu vitasiwa Agosti na Septemba, na makisio mapya yatatiwa saini wakati huo huo. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya hapo, yabandikwe kwenye mbao za vyama vya msingi pembeni ya bei za madaraja, mahali ambapo wakulima na vibarua wao watayasoma. Kwa upande wetu tuko tayari kukaa na wataalamu wenu na kuandaa fomu ya hesabu ya kuni, karatasi ya kibarua na jedwali la mahudhurio. Kazi hiyo haizidi wiki mbili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Makatibu wa vyama vya msingi, maofisa ugani, walimu, watu wa misitu na wafuga nyuki,
Tabora.